Uso wa Bwana Tumbo

Jumatatu, 3 Februari

Turubai imepanda ukutani. Mita sita kwa mita mbili na nusu! Imebidi kitanda nikisimamishe kwa ubavu na meza niitoe nje, kwenye ngazi. Fundi cherehani wa chini kapanda kuuliza kama nahama. Nikamwambia hapana, kanivali ndiyo imehamia kwangu.

Miaka kumi na tisa nachora vibao vya saluni na maduka ya matairi. Sasa ukumbi wa manispaa wanataka picha yangu ining'inie mbele ya jengo siku ya kanivali, Jumamosi ya tarehe 15. Mkurugenzi wao — moyoni namwita Bibi Ukumbi — alitoa sharti moja tu: watu wacheke kabla hawajajua wanacheka nini.

Basi nimemchora Baba.

Nani mwingine? Mwaka mzima fundi bomba, siku moja tu Bwana Tumbo. Godoro limefungwa tumboni, suruali ina kiraka chekundu makalioni, mpiga tarumbeta yuko nyuma yake. Baba anainama kuwaamkia wageni wa heshima, tarumbeta inalia — pruuuu! Mtaa mzima hoi. Miaka arobaini, na hakuna mwaka ambao hawakucheka. Mimi nilikuwa nikipandishwa juu ya lile godoro. Namshika shingo, naviona vinywa vyote viko wazi, meno, mapengo, ndimi. Kuchora nyuso nilijifunzia pale, juu ya tumbo la Baba.

Leo nimeweka mistari ya mkaa tu. Yeye katikati, ameinama, makalio kwa watazamaji, uso umegeuka nyuma unacheka. Kushoto bibi watatu wamepandisha sketi. Kulia jitu nene linapiga chafya, kofia za wenzake zinaruka. Nimecheka peke yangu mpaka fundi cherehani kagonga dari kwa fimbo.

Baba kapiga simu jioni. Tumbo limejaa, gumu kama ngoma. "Mwaka huu sitahitaji godoro," kasema. Nikacheka. Yeye hakucheka.


Jumanne, 4 Februari

Siyo gesi. Asubuhi katapika kijani. Dada kaja na gari lake, tukambeba kwa shuka, mimi miguuni, yeye kichwani. Utumbo umejisokota, wamesema. Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa nne. Kutoka, saa nane.

Vidole vyangu bado vina mkaa. Nimeacha alama kwenye fomu zote.


Jumatano, 5 Februari

Yu hai! Mpira puani, mpira ubavuni, dripu. Daktari — mrefu kiasi cha kuinama kila akipita mlango — katueleza: kipande kilichokufa wamekikata, ncha mbili wameziunga. Fundi bomba kaungwa bomba. (Angekuwa na nguvu, angelisema mwenyewe.) Sasa tunasubiri matumbo yaamke.

"Tutajuaje yameamka?" Dada kauliza.

Daktari kakohoa. "Atatoa hewa."

"Atapumua?"

"Kwa chini, mwalimu."

Dada ni mwalimu mkuu. Wanafunzi mia nane hunyamaza akiinua tu nyusi. Kaitazama sakafu kama imemtukana. Mimi nikauma shavu kwa ndani mpaka likatoka damu.

Kwa hiyo hapa ndipo tulipofika — ukoo mzima unasubiri Baba ajambe. Shangazi kapiga simu mara tatu. "Vipi, tayari?" Dada anamjibu, "Kile kitu bado, Shangazi. Kile kitu bado."


Alhamisi, 6 Februari

Bado. Nesi anaweka kifaa chake tumboni, anasikiliza, anatikisa kichwa. Kimya, anasema. Kimya! Kwenye tumbo lile!

Wagonjwa wanaoweza kusimama hutembezwa ili matumbo yaamke. Saa nne wakatoka koridoni, wazee saba, mstari mmoja. Yale magauni ya hospitali yana kamba shingoni tu. Nyuma wazi! Makalio saba — mapana, membamba, yaliyosinyaa, moja lina plasta. Kila mzee anasukuma mti wake wa dripu kama amekabidhiwa bendera ya taifa. Wa mbele, mzee wa kitanda cha tano, kasimama ghafla, kainua kidole — kaachia. Ndefu, ya kupanda na kushuka, ya kuuliza na kujijibu. Wodi nzima ikapiga makofi. Nesi: "Hongera, mzee!" Na yule mzee akalia. Kweli, machozi. Amefungiwa chakula siku sita, sasa atapewa uji.

Hiyo ndiyo kanivali. Yangu ya ukutani ni mapambo tu.

Nikakaa kando ya kitanda, nikatoa daftari, nikawachora wote saba. Halafu nikamchora Baba. Amelala, mdomo wazi, gauni limepanda, tumbo na mshono wake, mpira na maji yake. Kurasa kumi na moja. Sikumwomba ruhusa. Alikuwa amelala!


Ijumaa, 7 Februari

Nimewafuta bibi watatu. Wazee saba wameingia, nyuma wazi, miti ya dripu imefungwa riboni, wanamfuata Bwana Tumbo kama jeshi. Mkono unakwenda wenyewe. Sijawahi kuchora hivi. Naogopa hata kwenda chooni, nisije nikarudi nikakuta umeniacha.

Dada kapitia saa kumi kuchukua mashuka safi. Kasimama mlangoni. Kaona. Kacheka — kicheko kimoja, kama kikohozi — na palepale kakasirika kwa kuwa amecheka.

"Mtu yuko kwenye dripu, wewe unamwanika makalio mbele ya manispaa?"

Nikasema alijianika mwenyewe miaka arobaini. Watu walimpenda kwa hilo.

"Walikupenda wewe, huko juu ya godoro. Mimi Jumatatu nilikuwa nakwenda shule."

Sikuwa najua. Jumatatu baada ya kanivali, darasa zima lilikuwa linamngoja Dada akae. Akigusa tu kiti — pruuuu! Midomo arobaini. Na siyo Jumatatu hiyo tu, mwaka mzima, mpaka alipomaliza. Alijifunza kukaa polepole ili wachoke kusubiri. Bado anakaa polepole. Nimemwona mara elfu, nikadhani ni madaha ya ukuu.

"Mfute," kasema. "Akifa, watu wamkumbuke kwa uso."

Nikasema hafi.

Kachukua mashuka, kashuka ngazi.


Jumamosi, 8 Februari

Siku ya nne, bado. Tumbo linapanda. Daktari haketi tena, anasemea mlangoni.

Nilitoka kuchota maji. Kurudi, Baba ana daftari langu. Kalishika kwa mikono miwili, anafunua ukurasa mmoja mmoja. Tumbo. Mdomo wazi. Nesi anamsafisha. Ukurasa wa mwisho, mchoro mdogo wa picha nzima, yeye katikati kainama, anacheka.

"Nani kakuruhusu?"

Sauti haina nguvu. Lakini nilisimama wima kama mtoto.

Nikaanza kujieleza. Ukumbi, turubai, wazee saba, heshima ya Bwana Tumbo! Niliongea haraka. Nilidhani atafurahi. Miaka yote nimedhani hicho ndicho kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote.

Kageukia ukutani.

"Nitoe humo."

"Kwenye daftari, Baba?"

"Kote."


Jumapili, 9 Februari

Sikwenda wodini. Nimemwandikia Dada kwamba nina mafua, nisije nikawaambukiza. Mwongo mkubwa mimi.

Bibi Ukumbi kaja kukagua. Kacheka mpaka miguu ikamwishia, kakalia mfuniko wa ndoo. Rangi ya kijani — mbichi! Hata hilo halikumpunguza. Kasema makalio ya mzee wa katikati yana hadhi kuliko nyuso nyingi anazokutana nazo vikaoni. Jumatano asubuhi wanakuja kuichukua. Sikumwambia kwamba mwenye makalio amekataa. Nimempa kitambaa ajifute.

Baada ya kuondoka nimemfunika Baba kwa gazeti, nione picha ikoje bila yeye. Hakuna picha. Watu mia wanacheka gazeti.


Jumatatu, 10 Februari

Ana homa. Nilifika saa mbili, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga njia nzima. Sikuyatumia. Kanionyesha kiti.

"Unajua nilianzaje?"

Najua. Nani asiyejua? Rafiki yake mpiga tarumbeta alimshawishi, wakafanya mazoezi nyuma ya karakana. Imesimuliwa kwenye kila harusi yetu.

"Hiyo niliitunga," kasema.

Kasimulia kwa vipande, akipumzika, macho darini. Dada alikuwa na miezi mitano, mgongoni kwa Mama. Baba kwenye gwaride na mafundi wenzake, sare mpya nyeupe, mabomba mabegani. Tumbo lilikuwa linamwendesha tangu jana yake, hakumwambia mtu, asije akaachwa. Walipofika mbele ya jukwaa la wageni ikatolewa amri: inameni. Akainama.

"Haikuwa hewa tu, binti yangu."

Suruali nyeupe.

Kasema palikuwa na kimya, na kile kimya hakijamtoka masikioni mpaka leo. Halafu mpiga tarumbeta aliyekuwa nyuma yake — kwa huruma au kwa ujinga, hajui — akapuliza. Pruuuu. Mtu mmoja akaguna. Baba akageuka, akaona nyuso, mamia, zinangoja kuambiwa zifanye nini.

"Nikacheka. Wa kwanza mimi. Nikapiga na saluti. Nikaendelea kutembea hivyo hivyo, mpaka mwisho wa barabara."

Mwaka uliofuata wakamjia na godoro. Angefanyaje? Akikataa, ile siku ni ya kweli. Akikubali, ulikuwa mchezo tangu mwanzo.

"Miaka arobaini nafua suruali moja," kasema.

Mama aliona kila kitu. Hakulisema neno hilo mpaka tunamzika. Siku ya kanivali alikuwa anafunga madirisha yote. Nilidhani ni vumbi.

Nikamwuliza, hukuwahi kufurahi, hata kidogo?

"Nilifurahi ulipokuwa juu." Halafu: "Yule uliyemchora anajua anachofanya. Mimi sikujua. Ukimweza yule asiyejua, mchore. Humwezi, nitoe."

Saa sita daktari kambonyeza tumbo. Ukelele alioutoa — sijawahi kuusikia kwa Baba. Mshono wa ndani huenda unavuja. Kesho watampiga picha, wakihakikisha watamfungua tena. Kauliza tena, kwa ile adabu yake: hewa, je?

Hapana, daktari.


Jumanne, 11 Februari

Nimeukwangua uso.

Makalio nimeyaacha palepale. Godoro limetoka, kiraka chekundu kimetoka. Suruali nyeupe. Na doa. Dogo — ukicheka haraka hulioni.

Uso ndio unaniua. Namtaka akiwa amegeuka, kabla hajaamua. Mara tano nimeuchora, mara tano nimeukwangua. Mara analia. Mara anatisha. Mara kama mtu aliyefungia funguo ndani. Pale turubai imeanza kuchakaa, sina nafasi ya kukosea mara nyingi zaidi.

Saa tisa Dada kaingia bila kubisha. Picha ya hospitali imeonyesha: unavuja. Kesho saa tatu wanamfungua. Daktari kamwambia moyo wa Baba siyo wa kijana, atie sahihi akijua hilo. Katia sahihi.

Nikamweleza yote. Sare nyeupe, Mama, yeye mwenyewe mgongoni. Kasikiliza amesimama, mkoba mkononi. Halafu kaitazama turubai muda mrefu sana.

"Mdomo siyo huo," kasema.

"Unajuaje?"

"Nyinyi wote mlikuwa mnatazama nyuma yake. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Kila mwaka. Nione kama na yeye anaona aibu, au ni mimi peke yangu." Kavua miwani. "Upande wa kushoto huanza kucheka, wa kulia haujapata habari. Na macho yanachelewa. Macho yanachelewa sana."

"Nionyeshe."

Kakaa juu ya ndoo, polepole. Kageuza shingo. Kaonyesha. Mwalimu mkuu mzima! Ana mdomo wa Baba na sikuwahi kuuona — siku zote huufunga. Nikauchora mdomo wa Dada usoni pa Baba. Alivumilia karibu masaa mawili bila kutikisika, hata inzi alipotua kwenye sikio.

Nilipomaliza tulirudi nyuma mpaka ukuta ukatuzuia.

"Ndiye?"

"Ndiye." Kavaa miwani. "Sitaki kumwona tena."

Lakini hakuondoka.


Jumatano, 12 Februari

Benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Saa tano na dakika kumi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Saa moja walikuja vibarua watatu wa ukumbi kuichukua turubai. Rangi ya uso bado mbichi, nimewakataza kuikunja upande ule. Mmoja alipoona makalio kacheka, kashuka vidato viwili, kasimama. Karudi kutazama. "Huyu mzee kapatwa na nini?" Wenzake wakamwambia tembea.

Saa mbili na nusu nilimwonyesha Baba kwenye simu. Kalala tayari kwenye kitanda cha magurudumu. Katazama. Kioo kikazima, kakigusa kiwake. Kikazima tena, kakigusa tena. Hakusema nitoe. Hakusema niache. Kauliza, "Mama yako yuko wapi hapo?"

Sikumchora. Kichwani kwangu hakuwepo siku ile! Sijui nilimweka wapi. Nilitaka kusema nitamweka, Baba, leo hii hii — manesi wakaanza kusukuma. Nilitembea nao mpaka kwenye mstari mwekundu. Dada alipita mstari hatua tatu, wakamrudisha kwa upole.

Saa nne na nusu Bibi Ukumbi kwenye simu. Imetundikwa. Watu wamejaa chini yake. "Wanacheka, halafu wanaacha. Mimi niliagiza kanivali!" Anataka uso wa zamani. Nije na brashi kabla ya saa nane, la sivyo ataufunika kwa maputo.

Kwa maputo!

Niko kwenye benchi, Baba yuko nyuma ya mlango tumbo wazi, na mimi naulizwa habari za maputo. Dada kaninyang'anya simu. Ile sauti ya gwaride la asubuhi.

"Mama, nisikilize vizuri. Huyo ni baba yetu. Alijinyea mbele za watu, akacheka, akamaliza njia. Ukimwekea puto hata moja nakuja kulipasua mwenyewe. Kwa meno."

Koridoni mtu mmoja mwenye bandeji mguuni kacheka, akaomba samahani, akacheka tena. Dada kairudisha simu mfukoni mwake — mwake, siyo mwangu — kakaa. Mabega yanamtikisika. Kajifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, nikamshika. Nikadhani anacheka, nikamwachia. Mpaka sasa sijui.

"Nimelisema," kaniambia. "Mbele za watu."

Saa tano na arobaini. Simu inatetemeka mfukoni mwake. Haipokei. Nikimweka Mama, nitamweka kushoto, karibu na jukwaa. Anatazama mbele. Mtoto kalala mgongoni. Nafasi ipo, nikimsogeza mpiga chafya —

Mlango.

Daktari Mrefu. Kainama kupita, kainuka, anavua kofia, anatutafuta. Dada kasimama. Mimi nimeshusha macho kwenye karatasi. Naona viatu tu, vya mpira, vyeupe. Haviji haraka. Dada ananivuta mkono, mwandiko unakwenda upande. Ngoja, Dada. Mstari mmoja. Nikiinua macho nitajua kabla hajafungua mdomo —